Tremblay: jina moja, baba mmoja, na kazi ya kumpata Joseph wako kati ya akina Joseph

Katika jimbo la Quebec, Kanada, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila 100 anaitwa Tremblay. Hakuna jina la ukoo linaloongoza mbele yake. Gagnon, Roy, Côté na Bouchard yanafuata nyuma. Ukiingia maeneo ya jimbo hilo yaitwayo Charlevoix, au Saguenay na Lac-Saint-Jean, uwiano huo unapanda mara kadhaa, hadi bwana na bibi kukutana wakiwa wote Tremblay si jambo la kumshangaza mtu.

Wingi huo peke yake usingetosha kuandikiwa uchambuzi. Roy nao ni wengi, lakini walitokana na wanaume kadhaa wasio na undugu, kila mmoja alivuka bahari kwa wakati wake na Roy yake. Tremblay ni kesi nyingine. Karibu kila mwenye jina hili Amerika Kaskazini anarudi kwa wanandoa wawili tu: Pierre Tremblay na Ozanne Achon, waliooana mjini Quebec tarehe 2 Oktoba 1657. Kwa hiyo Tremblay anayetafuta asili yake anapewa jibu la mwisho bure kabla hajafungua daftari hata moja. Kinachomtoa jasho ni vizazi kumi vya katikati, na wengi hupotea humo humo.

Jina lenyewe

Ufaransa kuna mti unaoitwa tremble. Kikonyo cha jani lake ni bapa kama utepe, kwa hiyo upepo mdogo tu unalitikisa jani, na mti mzima huonekana unatetemeka. Ndiko jina lilikotoka, Kilatini tremulus. Mahali penye miti hiyo mingi paliitwa tremblay, kwa kiambishi cha Kilatini -etum kilichogeuka kuwa -ay, -aie au -oy katika Kifaransa. Kwa kiambishi hicho hicho tunapata Chesnay (penye mialoni), Boulay, Coudray, Aulnay na Rouvray. Msomaji wa Dar es Salaam au Unguja hahitaji maelezo marefu: Mikocheni, Miembeni, Mkunazini na Mbuyuni yameundwa kwa fikra ile ile, mti kwanza, mahali baadaye. Tofauti ni kwamba Wafaransa wa zama za kati walilichukua jina la mahali wakambandika mtu aliyetoka hapo, kisha likarithiwa na watoto wake hata walipohamia pasipo na mti huo.

Kwa sababu vichaka vya miti hiyo vilikuwapo kila upande wa kaskazini ya Ufaransa, vijiji vyenye jina hilo ni vingi, na koo zilizozuka kutokana navyo pia ni nyingi. Tremblay aliyezaliwa Ufaransa leo hana sababu ya kudhani ni ndugu wa Tremblay wa Chicoutimi, mji wa Saguenay. Baba mmoja ni habari ya Amerika tu.

Kuna mitego miwili hapa ambayo bado inawanasa watu. Wa kwanza ni Mont-Tremblant, mlima maarufu kwa wanaoteleza kwenye theluji. Hauna uhusiano na ukoo huu: tremblant ni "unaotetemeka", na jina linatokana na imani ya Waalgonkini, wenyeji wa asili, juu ya mlima unaotikisika. Mtego wa pili unagharimu fedha. Wauzaji wa nembo za ukoo humtaja mtawa aliyekuwa mshauri wa siri wa Kadinali Richelieu, Padre Joseph, François Leclerc du Tremblay. Jina la ukoo wake ni Leclerc. "Du Tremblay" ni shamba la familia. Anayenunua ngao hiyo na kuitundika sebuleni amenunua nembo ya watu wengine.

Mtu wa Randonnai

Pierre alizaliwa karibu mwaka 1626 Randonnai, kijiji cha Perche, magharibi ya Paris, kwa Philibert Tremblay na Jeanne Coignet. Anayetafuta kijiji hicho kwenye ramani mpya ajue kwamba tangu 2016 Randonnai imeunganishwa katika manispaa ya Tourouvre au Perche, wilaya ya Orne. Daftari za zamani za huko zimo katika hifadhi ya wilaya, Alençon.

Perche ni eneo dogo, na jumla ya watu waliotoka huko kwenda Ufaransa Mpya, koloni la Wafaransa huko Kanada, katika karne ya 17 ni mia chache. Lakini walitoka kwa mtandao: Robert Giffard wa Mortagne alianza kuwachukua mwaka 1634, na ndugu wa ukoo wa Juchereau wakaendelea. Noël Juchereau ndiye aliyemwajiri Pierre, naye akavuka mwaka 1647. Mikataba ya vibarua wa namna yake kwa kawaida ilikuwa ya miaka mitatu, ndiyo maana waliitwa "miezi thelathini na sita". Mkataba ukiisha, kibarua alichagua: kurudi, au kuomba ardhi na kubaki. Wengi walirudi. Pierre alibaki, na miaka kumi baada ya kufika akamwoa Ozanne, binti wa Chambon, upande wa La Rochelle, aliyekuwa amefika mwaka huo huo wa 1657. Huwa anahesabiwa kimakosa miongoni mwa "mabinti wa mfalme". Hao, wasichana wa kuolewa, walianza kuletwa 1663, kwa gharama ya serikali. Yeye alitangulia kwa miaka sita.

Walikaa L'Ange-Gardien, pwani ya Beaupré, chini kidogo ya mji wa Quebec kwa kufuata mto Saint-Laurent. Watoto 12. Ozanne alifariki Desemba 1707, mumewe akiwa ametangulia zamani. Kwa suala la jina, wanaohesabika ni wana wanne waliooa na kuendeleza ukoo:

Pierre, aliyemwoa Madeleine Roussin mwaka 1685. Michel, aliyemwoa Geneviève Bouchard mwaka 1686. Louis, aliyemwoa Marie Perron mwaka 1691, kisha Françoise Morel mwaka 1706. Na Jacques, aliyemwoa Agathe Lacroix mwaka 1696.

Yakariri majina haya manne na wake zao. Kila nasaba ya Tremblay lazima ipitie mlango mmojawapo, na nasaba isiyosema imepitia upi haijakamilika, hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kwa nini yeye na si jirani yake

Watu hupenda kujibu kwamba Pierre alikuwa na watoto wengi. Watoto 12 lilikuwa jambo la kawaida pwani ya Beaupré. Kinachoamua jina la ukoo ni wana waliooa, na wana wao waliooa, mfululizo.

Tufanye hesabu ya kupimia tu. Chukua wana wanne, kisha vizazi tisa baada yao, yaani takriban kufika kwa waliozaliwa nusu ya pili ya karne ya 20. Ikiwa kila mwanamume kwa wastani anaacha wana 1.5 wanaooa, kizazi cha mwisho kina wanaume kama 154. Akiacha 2, wanakuwa 2,048. Akiacha 2.5, wanafika 15,259. Ongeza dada zao, kisha kumbuka kwamba vizazi vitatu au vinne huishi kwa wakati mmoja, na makumi ya maelfu yanapatikana bila muujiza wowote. Kati ya ukoo unaojaza kitabu cha simu na ukoo unaojaza meza moja ya arusi, tofauti ni mwana mmoja zaidi kwa kila baba.

Na tofauti hiyo hutegemea ardhi. Pwani ya Beaupré ilikuwa imejaa wakati wana wa Pierre wanakua. Michel na Louis walisogea chini ya mto, Petite-Rivière na Baie-Saint-Paul, ambako Claude Bouchard, baba mkwe wa Michel, alikuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo. Pierre mwana alifika hadi kumiliki eneo la Les Éboulements mwaka 1710. Huko Charlevoix familia zilikuwa chache, mashamba yalikuwapo kwa vijana wa kuoa, na mgeni alikuwa adimu kwa sababu barabara haikuwapo: milima nyuma, mto mbele. Mahali kama hapo majina hayapati mshindani. Machache hukua kupita kiasi, mengine hufa.

Linganisha na Abraham Martin, ambaye uwanda wa Abraham mjini Quebec, palipopiganwa vita vya 1759, unaitwa kwa jina lake. Alifika kabla ya Pierre na kuwa na watoto wengi. Lakini jina lake halikuendelea kwa upande wa wanaume. Mwanawe Charles-Amador alikuwa padre. Damu ya Abraham imejaa Quebec kupitia mabinti zake, na akina Martin wa leo ni watoto wa wanaume wengine.

Kuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi. Wanademografia wa Chuo Kikuu cha Montréal walipohesabu vizazi vya walowezi wa mwanzo kwa waliofunga ndoa kabla ya 1800, aliyeongoza hakuwa Tremblay. Alikuwa Zacharie Cloutier, seremala wa Mortagne, Perche, mwenye 10,850. Jina lake leo linajulikana ila halijazi mtaa. Jina la ukoo hufuata uzi mmoja tu, baba kwa baba. Nyuzi nyingine zote zinaendelea kufumwa gizani, kwa majina ya wengine. Mtu aliye kizazi cha kumi baada ya mwasisi ana nafasi 1,024 za mababu katika safu hiyo ya mwasisi, na jina lake linamtaja mmoja.

Kutoka Charlevoix hadi Saguenay

Mwanzoni mwa karne ya 19 Charlevoix nayo ilijaa. Bonde la Saguenay lilikuwa limefungwa kwa walowezi, kwani lilishikwa na kampuni ya biashara ya ngozi. Mwaka 1837 watu 21 wa La Malbaie, huko Charlevoix, waliunda chama cha kukata mbao, na kundi la kwanza likashuka Grande-Baie, huko Saguenay, tarehe 11 Juni 1838. Kiongozi wa chama alikuwa Alexis Tremblay aitwaye Picoté, na nyuma yao alikuwapo mfanyabiashara wa mbao William Price, aliyekuja kuzichukua mashine zao za kupasulia miaka michache baadaye.

Picoté maana yake mwenye makovu ya ndui. Lakabu hiyo haikuwa dhihaka tupu. Katika kijiji ambacho nusu ya wanaume ni Tremblay, jina la ukoo halimtambulishi mtu, kwa hiyo watu hutengeneza lingine: kwa sura, kwa kazi, au kwa mlolongo wa mababa, "Pierre wa Joseph wa Louis", kama pwani yetu inavyosema Salim wa Ali wa Juma. Lakabu nyingine zilirithiwa kwa vizazi viwili vitatu na kuingia kwenye hati. Ukiikuta lakabu, iandike kwenye kadi yako. Mara nyingi ndiyo itakayokuonyesha tawi.

Wengi wa waliohamia Saguenay miongo ya mwanzo walitoka Charlevoix, wakiwa jamaa na majirani. Idadi ndogo ya waasisi ilipunguzwa mara ya pili. Jambo hili tutalirudia kwenye habari ya afya.

Kurudi nyuma, ndoa kwa ndoa

Mtu aliyezaliwa miaka ya 1980 huwa kizazi cha 11 au 12 kutoka kwa Pierre. Ana ndoa kama 11 za kuzithibitisha. Katika nchi nyingi kazi hiyo haiwezekani. Quebec inawezekana kwa sababu tatu: amri ya kifalme ya 1667 ilitaka daftari za parokia ziandikwe nakala mbili, moja ikabidhiwe serikali, cheti cha ndoa kiliwataja wazazi wa pande zote mbili, na mwanamke aliandikwa kwa jina la baba yake maisha yake yote, hata kwenye maziko. Hili la tatu ndilo linalookoa kazi. Marie Gagnon, mke wa Tremblay, alibatizwa Gagnon na akazikwa Gagnon.

Kwa hiyo ngazi ya kupandia ni ndoa. Ubatizo na maziko ni vishikio vya pembeni. Unaanza na ndoa ya wazazi, unasoma majina ya wazazi wa bwana harusi, unatafuta ndoa ya hao, unaendelea. Kwa kila hatua jaza kadi moja: tarehe, parokia, jina la bwana na wazazi wake, jina la bibi na wazazi wake, kama bwana ameandikwa mtu mzima au mdogo, mashahidi na uhusiano wao, na kibali chochote kilichotajwa.

Usimtafute mtu mmoja. Tafuta jozi. "Joseph Tremblay" si mtu, ni umati. "Joseph Tremblay na Marie Gagnon" ni umati mdogo. Ukiongeza parokia na mwongo wa miaka, mara nyingi anabaki mmoja.

Ndoa kwa kawaida ilifungwa parokia ya bibi harusi. Wanaoanza hutafuta alikokaa bwana, hawaoni kitu, wanahitimisha kwamba daftari imepotea. Soma tena maneno "wa parokia hii" na "wa parokia ya fulani" yanayofuata kila jina.

Maneno fils mineur (mwana mdogo) na fils majeur (mwana mtu mzima) yanakupa umri bila kutaja namba. Chini ya utawala wa Kifaransa utu uzima ulianza miaka 25. Kuanzia 1783, miaka 21. Bwana aliyeandikwa majeur mwaka 1760 hawezi kuwa yule Joseph aliyebatizwa 1740, hata kama kila kitu kingine kinalingana.

Makosa yanayorudi mara kwa mara ni haya.

Kubwa kuliko yote ni Joseph na Marie wenyewe. Kwa desturi ya Wakatoliki wa Quebec karibu kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie, kisha likafuata jina la msimamizi, kisha jina la kuitwa. Joseph-Pierre-Onésime aliishi na kuoa kama Onésime. Ukimtafuta Onésime kwenye orodha ya ubatizo iliyopangwa kwa jina la kwanza hutampata. Ukimtafuta Joseph utawapata mia.

Linafuata la mjane. Mwanamume akioa mara ya pili, paroko mara nyingi hakuandika wazazi wake; aliandika tu "mjane wa fulani". Hapo ngazi inakatika. Usikisie. Rudi kwenye ndoa yake ya kwanza, kwani jina la marehemu mke limetajwa ili uipate, na ndimo wazazi wamo. Jambo hilo hilo huzaa kosa lingine: watoto wa mke wa kwanza wanapewa mama wa pili. Louis mwana wa Pierre ni mfano wa karibu kabisa. Aliyezaliwa kabla ya 1706 si wa Françoise Morel.

Mtoto akifa, jina lake lilipewa anayefuata. Ukikuta ubatizo wa François Tremblay wa 1731 unaolingana na wazazi unaowajua, usifurahi kabla hujaangalia maziko ya miaka miwili mitatu inayofuata. Inawezekana wako ni François wa 1734.

Tremblay kwa Tremblay. Mtafutaji anapanda kwa baba, katikati ya njia anakutana na ndoa ya Tremblay na Tremblay, na bila kujua anahamia mstari wa mke, kwa kuwa jina ni lile lile na jicho halishtuki. Atafika kwa Pierre na Ozanne vilevile, kwa hiyo hakuna kengele itakayolia! Atakuwa amepita mlango wa Michel badala ya Louis na hatajua. Dawa ni ndogo: kwenye kila kadi pigia mstari jina la kwanza la bwana, na hatua inayofuata ianze na jina hilo hilo akiwa mwana.

Hapa kibali cha Kanisa kinageuka kuwa rafiki. Sheria ya Kanisa ilikataza ndoa hadi daraja ya nne ya undugu, mpaka ilipolegezwa kufikia daraja ya tatu kwa sheria mpya ya 1917. Daraja zinahesabika hivi: ndugu wawili ni daraja ya kwanza, watoto wao ni ya pili, wajukuu wao ni ya tatu, vitukuu wao ni ya nne. Paroko akiandika kwamba kibali kimetolewa kwa "daraja ya tatu", amekuambia kwamba bwana na bibi ni wajukuu wa ndugu wawili. "Ya tatu kwa ya nne" ni mjukuu wa mmoja na kitukuu wa mwingine. Chora pande zote mbili. Mistari isipokutana pale paroko aliposema, kuna kadi yako moja yenye kosa, na ni afadhali uligundue hapo kuliko vizazi vitano mbele. Tahadhari moja: wachumba au mapadre hawakujua kila undugu, hivyo kukosekana kwa kibali hakuthibitishi kwamba hakuna undugu. Kuwapo kwake ndiko kwenye nguvu.

Kwa Saguenay miaka ya mwanzo baada ya 1838, kumbuka kwamba wamisionari walikuwa wakipita, na parokia hazikuwa zimesimama. Tukio la Grande-Baie unaweza kulikuta kwenye daftari ya kwingine.

Vyombo vya kazi vipo. Hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Montréal, iliyoanzishwa 1966, imeunganisha matukio ya parokia tangu 1621 kwa familia. Ya Chicoutimi, BALSAC, iliyoanzishwa na mwanahistoria Gérard Bouchard miaka ya 1970, ilianza na Saguenay yenyewe. Picha za daftari zilizopigwa na taasisi ya Drouin hufika hadi miaka ya 1960. Kamusi ya padre Cyprien Tanguay, juzuu saba zilizotoka kati ya 1871 na 1890, bado inanakiliwa; ni kazi kubwa ya mtu mmoja, na ina makosa ambayo mtafiti wa nasaba René Jetté aliyasahihisha mengi mwaka 1983 kwa kipindi cha kabla ya 1730. Ukimtumia Tanguay, hakiki. Tangu 1 Januari 1994 makanisa hayatunzi tena kumbukumbu za kiraia. Vyeti vya baada ya hapo viko kwa mkurugenzi wa hali za kiraia wa serikali.

Wapo wanaotaka kukata njia kwa vinasaba. Kromosomu Y hupita baba kwa mwana, kama jina, kwa hiyo wanaume wawili wanaoshuka kwa wana tofauti, mmoja kwa Jacques na mwingine kwa Louis, wakilingana, ile Y waliyo nayo ni ya Pierre. Asiyelingana si lazima awe mwana wa siri: huenda kuna mtoto wa kulea aliyepewa jina, au kadi iliyokosewa. Kipimo cha jumla, kile cha kutema mate kinachotoa orodha ya jamaa, ndicho kinachodanganya zaidi watu wa Charlevoix. Kwa kuwa wazazi wao wanakutana kwa mababu walewale kwa njia nyingi, vipande vinavyoshirikiwa hujumlishwa, na mtu wa mbali huonekana wa karibu. Kampuni ikisema "mjukuu wa ndugu wa babu yako", punguza matumaini mpaka uone karatasi.

Jina si ugonjwa

Saguenay na Charlevoix zina magonjwa ya kurithi ambayo kwingine ni nadra mno. Mawili yanajulikana zaidi: tairosinemia ya aina ya kwanza, inayoharibu ini la mtoto, na ataksia (kushindwa kuratibu mwendo) ya misuli kukakamaa iliyoelezwa mwaka 1978 na kupewa majina ya maeneo haya mawili, jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000. Kwa kila moja, takriban mtu mmoja kati ya 22 wa Saguenay hubeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu, mwenyewe akiwa mzima.

Hesabu yake ni rahisi. Uwezekano kwamba wachumba wote wawili ni wabebaji ni 1 kwa 22 mara 22, yaani 1 kwa 484. Wabebaji wawili wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi nakala mbili. Jumla ni mtoto mmoja kati ya 1,936 hivi. Hauhitaji mtu kuoa binamu yake ili hesabu hii itimie. Ndilo jambo ambalo wageni hulikosa wanapoeleza magonjwa haya kwa kunong'ona habari za ndoa za ndugu. Sababu ni waasisi wachache, waliochujwa mara mbili: Beaupré kwenda Charlevoix, Charlevoix kwenda Saguenay.

Na wala jina Tremblay halisemi chochote hapa. Jeni hizi hupitia mama na baba sawasawa, hivyo Gagnon, Bouchard au mtu mwenye jina la Kiingereza ambaye bibi yake alitoka La Malbaie anaweza kuwa mbebaji, na Tremblay asiwe. Anayepanga kuzaa aulize mababu wanne wametoka wapi, kisha apimwe. Quebec inatoa kipimo cha wabebaji bure kwa wenye asili ya maeneo haya. Tairosinemia hupimwa kwa watoto wachanga wote wa jimbo tangu 1970, na tangu miaka ya 1990 kuna dawa, nitisinoni, inayotumiwa pamoja na mlo maalumu. Ataksia bado haina tiba ya kuiondoa.

Waliovuka mpaka

Kati ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 walihama Quebec kwenda Marekani, wengi kwenye viwanda vya nguo vya New England. Karani aliandika alichosikia. Tremblay, ambalo kwa sikio ni kama "Trambleh", likawa Trembley, Trombley, Trombly, Tromblay. Majina mengine yalitafsiriwa kabisa: Roy akawa King, Boisvert akawa Greenwood, Lévesque akawa Bishop. Anayetafuta Vermont, kaskazini ya New York au Michigan asiandike herufi zote; atafute Tr-mbl, aachie irabu. Kisha atafute ndoa ya mwisho iliyofungwa Quebec, kwani huko ndiko wazazi walikotajwa sawasawa.

Tangu 1981 sheria ya Quebec inamtaka mke abaki na jina lake la kuzaliwa, na mtoto anaweza kupewa la baba, la mama, au yote mawili yakiunganishwa, yasizidi mawili. Kwa watafutaji wa baadaye hii ina maana kwamba jina halitakuwa tena uzi wa baba pekee: Tremblay wa mwaka 2100 anaweza kuwa amelipata kwa bibi yake. Miaka iliyofuata sheria majina ya kuunganisha yalienea, kisha wazazi wengi wakarudia jina moja, kwa sababu mwenye majina mawili akimwoa mwenye majina mawili lazima wachague ya kuacha. Nyumba moja tu haikusumbuliwa na mjadala huo, ile ambayo bwana ni Tremblay na bibi ni Tremblay.